Je, Ni Haki Kumwadhibu Mmoja Ili Waogope Elfu?

Usiku mmoja katika darasa letu kijana aliinuka akatuuliza suala ambalo hatukuwa na jawabu yake tayari. Kijana huyu hufanya kazi katika duka la simu, na katika kazi zake za kila siku ni kuwatilia wateja nyimbo, kasida na mawaidha ndani ya kadi za simu zao kwa shilingi chache. Alisema: "Maalim, nataka kujua mambo mawili. Kwanza, hiki ninachokipata ni halali yangu? Na pili, nimesikia kuwa huko Marekani watu kama mimi wametozwa mali ambayo hata mtu akifanya kazi umri wake wote hawezi kuilipa. Je, hiyo nayo ni haki?"

Wako waliocheka, wakayaona maneno hayo kuwa ni ya utoto. Sisi hatukucheka, kwani kijana yule alifanya jambo ambalo watu wazima wengi wameshindwa kulifanya: aliyaweka masuala mawili mbalimbali, wala hakulifuta moja kwa jengine. Mwenye kunakili mali ya watu husema, "Makampuni ni madhalimu, basi mimi sina kosa." Na mwenye kampuni husema, "Yule amechukua changu, basi lolote nitakalomfanyia ni haki." Kauli zote mbili ni potofu, na upotofu wake ni wa namna moja: kila mmoja ameifanya dhambi ya mwenziwe kuwa ruhusa yake.

Twapenda kumueleza msomaji mambo yalivyokuwa huko Marekani, kisha tutazame haki iko wapi. Wala hatuzungumzi hapa juu ya hukumu ya muziki wenyewe. Hilo lina mlango wake. Suala letu ni la mali na hukumu, na lingekuwa hili hili lau kama kilichonakiliwa ni kitabu cha tiba au darsa ya mwanachuoni.

Mwaka 1999 kijana wa chuo kikuu aitwaye Shawn Fanning alitoa programu iliyojulikana kwa jina la Napster. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kumpa rafikiye wimbo ilimbidi amuazime santuri au amnakilie kaseti, na kaseti ni moja, na rafiki ni mmoja. Kwa Napster, kompyuta iliyo chumbani mwa mtu iliweza kuwafungulia mlango watu asiowajua kwa sura wala kwa jina, wakachukua nyimbo zilizomo, naye akachukua zao, wala hapana aliyepungukiwa na chake. Makampuni makubwa ya kurekodi yaliishitaki Napster mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Mwaka 2001 mahakama ya rufani iliamua dhidi yake, na Julai ya mwaka huo huduma ile ikafungwa. Walakini zilikuwa zimekwisha kuzuka nyengine, kama KaZaA, ambazo hazikuwa na kituo kimoja kiwezacho kufungwa kwa kufuli moja.

Hapo ndipo makampuni yalipogeuza uso. Yaliacha kuwatazama waliotengeneza programu peke yao, yakawaelekea waliozitumia majumbani mwao. Chini ya chama chao, kijulikanacho kwa herufi RIAA, tarehe 8 Septemba 2003 yalifungua kesi 261 juu ya watu binafsi. Kazi hiyo iliendelea miaka mitano. Hata chama kilipotangaza, mwezi wa Desemba 2008, kuwa kitaacha kufungua kesi kwa wingi namna ile, watu walioshitakiwa au kutakiwa walipe ili wasishitakiwe walikuwa wamepindukia 30,000.

Yafaa msomaji ajue silaha iliyotumika. Sheria ya hakimiliki ya Marekani yampa mwenye haki khiari: akitaka, aweza kuthibitisha hasara aliyoipata, na asipotaka, aweza kuomba fidia iliyokadiriwa na sheria yenyewe, bila ya kuthibitisha kuwa amepoteza hata dola moja. Fidia hiyo kwa kawaida ni kuanzia dola 750 hadi dola 30,000 kwa kila kazi iliyonakiliwa. Na ikithibitika kuwa mkosa alifanya kwa kusudi, yaweza kupanda hadi dola 150,000. Si kwa kesi nzima, bali kwa kila kazi. Basi mtu mwenye nyimbo ishirini kompyutani mwake, alizozipata bure na kuzigawa bure, husimama mbele ya sheria iwezayo kumtoza dola milioni tatu.

Na wenye kutafutwa walipatikanaje? Wapelelezi wa kulipwa waliingia katika mitandao ile kama watumiaji wengine, wakaandika nyimbo walizoziona na nambari ya intaneti zilikotoka. Nambari si jina. Kwanza makampuni yalikuwa yakidai majina kwa makampuni ya intaneti kwa karatasi tu ya karani wa mahakama. Mahakama ya rufani ya Washington ikaikataza njia hiyo mwezi wa Desemba 2003. Kuanzia Januari 2004 yakawa yashitaki watu wasiojulikana majina, kisha yaomba amri ya mahakama ili majina yatolewe. Jina lililotoka lilikuwa ni la mwenye kulipia laini. Kama aliyechukua nyimbo ni yeye, au mwanawe, au mgeni, au jirani, nambari haikusema.

Kwa hivyo wavu ulitupwa, na wavu hauchagui. Katika kesi za mwanzo alikuwamo mtoto wa kike wa miaka 12 wa New York, akaaye na mamaye katika nyumba za serikali. Jambo lao lilimalizwa upesi kwa sulhu ya dola 2,000. Alikuwamo mwanamke wa miaka 66 wa Massachusetts, mchonga sanamu, ambaye kompyuta yake ilikuwa ya namna isiyoweza hata kuendesha programu aliyosemekana kuitumia. Madai juu yake yaliondoshwa. Na mwaka 2005 alishitakiwa bibi wa miaka 83 wa West Virginia aliyekuwa amekwisha kufa. Na hayo pia yaliondoshwa.

Msomaji aweza kusema, "Makosa hutokea, na yaliporekebishwa basi yamekwisha." Twakubali kuwa makosa hutokea. Lakini tazama ni nani aliyerekebishiwa. Aliyekufa hawezi kuogopa, na yule mama mchonga sanamu alikuwa na dalili ya wazi. Je, yule asiyekuwa na dalili ya wazi? Yule ambaye hajui kama mwanawe alifanya au hakufanya, naye amepokea barua imwambiayo kuwa akilipa dola elfu tatu, nne au tano mambo yatakwisha, na asipolipa atakutana na sheria ya dola 150,000 kwa wimbo mmoja? Akimwendea wakili, ujira wa wakili utapita fedha za sulhu kabla kesi haijasikizwa. Mtu huyu, akiwa na kosa, atalipa. Na akiwa hana kosa, atalipa vile vile.

Hapa ndipo twaona dhulma ya kwanza. Sulhu ni jambo jema. Wazee wetu walisema sulhu ni kheri, nasi twaamini hivyo. Lakini sulhu ni watu wawili kukutana katikati, kila mmoja akiacha kidogo katika haki yake. Ikiwa mmoja ameshika upanga na mwengine ameshika shingo yake, yale watakayopatana hayaitwi sulhu. Mahakama imewekwa ili ukweli upatikane, na mlango wake ukiwa ghali hata mtu akaona ni rahisi kukiri kosa kuliko kuingia, basi haki imebaki ndani na watu wamebaki nje.

Katika maelfu yote hayo, ni wawili tu waliojulikana sana kwa kukataa kulipa hata kesi zao zikasikizwa na kuamuliwa na raia wa kawaida, kama ilivyo desturi ya mahakama za huko. Hatutawataja kwa majina, kwani ibra iko katika mambo, haiko katika majina.

Wa kwanza ni mama mmoja wa Minnesota. Makampuni yalisema kuwa aligawa nyimbo zaidi ya 1,700, lakini yalichagua 24 kuwa ndizo za kesi. Alikana, na wale raia hawakumsadiki. Wala sisi hatusemi kuwa alikuwa hana lawama. Lakini tazama hesabu. Mwezi wa Oktoba 2007 aliamriwa kulipa dola 222,000. Jaji akaibatilisha hukumu hiyo kwa kosa la maelezo ya sheria, kesi ikarudiwa. Juni 2009 wakaamua alipe dola 1,920,000. Jaji akaona kiasi hicho ni cha kutisha, akakipunguza mpaka 54,000. Makampuni yakamwambia atoe 25,000, na fedha ziende katika sadaka ya wanamuziki, akakataa. Mwezi wa Novemba 2010 kesi ya tatu ikaamua dola 1,500,000. Jaji akairudisha tena 54,000. Kisha mahakama ya rufani, mwezi wa Septemba 2012, ikairejesha hukumu ya kwanza ya 222,000, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiza rufani yake.

Ewe ndugu msomaji, ni nyimbo zile zile 24, na mtu yule yule, na kosa lile lile. Mara ni dola 54,000, mara ni karibu milioni mbili. Mizani ipimayo kitu kimoja ikatoa uzito wa namna hii, mara ratili moja na mara ratili thalathini na tano, mwenye duka sokoni angetozwa faini kwa kuwa nayo.

Wa pili ni mwanafunzi wa Boston. Huyu alikiri mbele ya mahakama kuwa alichukua na kugawa. Mwaka 2009, kwa nyimbo 30, aliamriwa kulipa dola 675,000, yaani dola 22,500 kwa kila wimbo. Jaji Nancy Gertner aliipunguza mpaka sehemu moja katika kumi. Mahakama ya rufani ikairejesha, na mwaka 2013 ikathibitika.

Na wimbo ulikuwa na thamani gani? Tangu mwezi wa Aprili 2003 kampuni ya Apple ilikuwa ikiuza wimbo mmoja kwa senti 99. Nyimbo 24 zisingefika dola 24. Yule mama alihukumiwa dola 9,250 kwa kila moja.

Insafu yatutaka tutaje hoja ya makampuni. Walisema: "Huyu hakuchukua wimbo mmoja akaenda zake. Aliufungua mlango, wakapita watu tusioweza kuwahesabu. Thamani ya ufunguo si thamani ya mkate mmoja ulioibiwa." Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Tena hasara yao haikuwa ndoto. Mwaka 1999 mapato ya muziki uliorekodiwa nchini humo yalipita dola bilioni 14, na kufikia 2014 yalikuwa chini ya bilioni 7. Wako wataalamu, kama Oberholzer-Gee na Strumpf katika utafiti wao wa mwaka 2007, waliosema kuwa kunakili hakukuwa na athari kubwa katika mauzo. Na wako wataalamu wengine waliowapinga. Hata tukikubali kuwa hasara ilikuwako, bado twauliza: ni nani aliyeileta? Iliyaletwa na mamilioni. Na mbele ya jaji alisimama mmoja.

Na hapa tumefika penye kiini cha jambo. Mahakama za rufani zilipoulizwa kama hukumu hizo zimepita mpaka, zilirejea katika kesi ya zamani ya mwaka 1919. Katika jimbo la Arkansas, kampuni ya reli iliwatoza abiria wawili senti 66 zaidi, kila mmoja, juu ya nauli iliyowekwa na sheria. Sheria ya jimbo ilisema kampuni ifanyayo hivyo imlipe abiria kati ya dola 50 na dola 300. Wakapewa dola 75 kila mmoja, yaani zaidi ya mara mia ya walichodhulumiwa. Kampuni ililia mpaka Mahakama Kuu kuwa adhabu imepita kiasi. Mahakama Kuu ikaikatalia, kwa kuwa adhabu namna hiyo haipimwi kwa hasara ya abiria peke yake, bali pia kwa dhara ya umma.

Twaona Mahakama ile ilisema kweli. Kampuni ya reli yenye kumdhulumu kila abiria senti chache hupata mali nyingi, na hapana abiria atakayeshitaki kwa senti 66. Sheria isipomuongezea mdhulumiwa nguvu, mwenye nguvu atakula vya wanyonge mpaka siku ya kiama, kidogo kidogo. Kanuni ile iliwekwa ili mdogo aweze kusimama mbele ya mkubwa. Ikapita miaka tisini na tatu, na kanuni ile ile ikashikwa kwa upande wa pili: safari hii kampuni ndiyo mdai, na mama asiyepata faida hata ya senti moja ndiye mdaiwa. Fimbo iliyochongwa kumlinda abiria, sasa yampiga abiria. Maneno ya sheria hayakubadilika. Waliobadilika ni walioko mbele na nyuma ya fimbo. Na mtu asomaye maneno ya sheria bila ya kutazama iliwekwa kwa ajili ya nini, aweza kufanya dhulma kubwa hali ya kuwa kitabu kiko wazi mkononi mwake.

Wanavyuoni wetu tangu kale wamepambanua mambo mawili ambayo sheria ile iliyachanganya. Kuna dhamana, nayo ni haki ya aliyedhulumiwa: aliyenyang'anya kitu arejeshe mfano wake, au thamani yake. Hiyo hupimwa kwa hasara, wala haizidi. Na kuna taazir, adhabu ya kutia adabu, nayo iko mikononi mwa hakimu, hupimwa kwa kosa na kwa hali ya mkosa mwenyewe, na makusudio yake ni kuwatengeneza watu, si kumtajirisha mdai. Ukiyachanganya haya mawili, adhabu ya umma ikaingia katika mfuko wa mtu mmoja, utakuwa umempa mdai sababu ya kupenda watu wakose.

Na lililo zito zaidi ni hili. Makampuni hayakuficha kuwa makusudio ya kesi zile ni kuwaonya wengine. Kuonya si vibaya. Kila adhabu ina onyo ndani yake. Lakini onyo lafaa liwe ni kivuli cha adhabu ya haki, wala lisiwe ndilo lililokata kipimo. Mtu akihukumiwa kwa kadiri ya kosa lake, nawe ukaogopa ulipomuona, hiyo ni faida juu ya haki. Lakini ukiuliza kwanza, "Ni kiasi gani kitakachowaogopesha elfu walioko majumbani?" kisha ukamtwika kiasi hicho huyu mmoja aliyekamatwa, umemfanya binadamu kuwa ngoma ya kupigia mbiu. Yeye hakuhukumiwa kwa lile alilolitenda. Amehukumiwa kwa lile ambalo wengine huenda wakalitenda kesho, na ambalo hana amri nalo.

Huenda mtu akatuambia: "Nyinyi mwahubiri upole, na watu hawaachi ila kwa khofu." Jawabu yetu ni kuwa khofu ilijaribiwa, na natija yake yajulikana. Kwa uchunguzi wa taasisi ya Pew, katika majira ya kuchipua ya 2003 Wamarekani 29 katika kila 100 watumiao intaneti walisema wachukua nyimbo. Mwisho wa mwaka huo, kesi zilipokwisha kuanza, walisema hivyo 14 katika 100. Ni kweli khofu iliingia, na huenda baadhi yao waliogopa kusema tu, wala hawakuacha kutenda. Lakini kunakili hakukukoma, na miaka mitano baadaye ni wenye kesi walioziacha. Lililogeuza mambo lilikuja kwa njia nyengine. Watu walipofunguliwa mlango wa halali ulio rahisi, kwanza kununua wimbo mmoja mmoja, kisha kusikiliza kwa malipo ya mwezi kwa huduma kama Spotify iliyoanza 2008, wengi waliupitia. Kuanzia 2016 mapato ya muziki nchini humo yalianza kupanda kwa nguvu tena. Hatusemi kuwa mambo sasa ni mazuri kwa waimbaji, kwani malalamiko yao juu ya wanacholipwa na huduma hizo ni mengi. Twasema kuwa watu walio wengi hawakuwa maadui wa haki. Walikuwa wamekuta mlango wa haramu u wazi na wa halali umefungwa.

Tena twaomba msomaji atazame ni nani asiyekuwako katika kesi zile. Walioshitaki ni makampuni. Mtunzi aliyekesha akitafuta kina, na mwimbaji aliyetoa sauti yake, jina lake lilitajwa mahakamani kama vile jina la mzigo litajwavyo bandarini. Kwa jina lake makampuni yaliingia na kwa jina lake mama yule alihukumiwa. Kila anayesema anapigania haki ya mtu fulani, ni wajibu kumuuliza: huyo mtu yuko wapi, na atapata nini?

Sasa turudi kwa kijana wetu, kwani asije akafikiri kuwa maneno yote haya yamempa hati ya kuachiwa.

Suala lake la kwanza lilikuwa ni kama achukuacho ni halali yake. Wako wamwambiao: "Kunakili si kuiba, kwa kuwa mwenyewe kitu chake kimebaki." Ni kweli kitu kimebaki, lakini tunda la kitu limechukuliwa. Mwenye shamba la minazi, ukiangua nazi zake zote ukamuachia minazi imesimama, utamwambia hukumpunguzia kitu? Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kuwa haki za watungaji na wavumbuzi zatambulikana kisharia, wenyewe wana mamlaka nazo, wala haijuzu kuzivunja. Na serikali yetu ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Basi hapana wa kusema kuwa jambo hili halijafika kwetu.

Na sisi watu wa pwani tuna deni la zamani katika mlango huu. Nani katika wakubwa wetu asiyekumbuka kaseti za taarabu zilizokuwa zikinakiliwa madukani, moja ikazaa kumi, na kumi ikazaa mia, zikavuka bahari mpaka Arabuni? Tulizisikiza harusini, tukazihifadhi beti zake, tukajifakhari kwa Kiswahili chake. Je, ni wangapi kati yetu waliouliza kama mtunzi wa beti zile alipata chochote katika ile mia? Mshairi wa kwetu aliyekufa maskini hakufilisiwa na kampuni ya ng'ambo. Tulimfilisi sisi tuliompenda, shilingi baada ya shilingi, kila mmoja akisema, "Yangu mimi ni moja tu." Na hilo, ukilitazama vizuri, ndilo lile lile la kampuni ya reli na senti zake 66. Wenye kuwapunja watu kidogo kidogo si wakubwa peke yao.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtu atiaye mawaidha ya sheikh katika kadi na kuyauza, angalikasirika sana lau kama jirani angaliipiga picha ramani ya fundi aliyomlipa yeye, akajengea nyumba yake.

Kwa hivyo jawabu tuliyompa kijana ni hii. Shilingi uchukuayo kwa kazi ya mikono yako na umeme wa duka, ukimtilia mteja kitu ambacho mwenyewe ameruhusu kigawanywe, ni halali yako. Na mawaidha mengi wenyewe wameyaruhusu, wala si taabu kuwauliza. Lakini ukiuza kazi ya mtu asiyekuruhusu, unachokiuza si chako, hata kama hapana askari wala wakili atakayekufikia. Na lau kama siku moja ungalikamatwa, tungalisema kwa sauti ile ile kuwa si haki kukutoza mali ya umri mzima kwa nyimbo ishirini na nne, na tungalisimama nawe kulisema hilo. Haya mawili hayapingani. Anayetaka mizani iwe sawa kwake, naye asiibonyeze kwa kidole.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na zile nilizokwisha kuuza?" Tulimwambia aanze na watungaji anaowajua, walio katika mji huu huu, na wengine wao si mbali na duka lake. Awaendee, awaambie ukweli, awaombe radhi na ruhusa, na wakitaka sehemu yao awape. Hiyo ndiyo sulhu tuijuayo sisi: watu wawili wakutane mlangoni, wala asiwepo mwenye upanga.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuitaka haki ikiwa ni yetu na ikiwa ni juu yetu.